Sivunjiki, Kikombe Kilichoteka Kidole cha Bibi

Enyi mlioketi, nanyi msimamao mlangoni, wekeni chini vijiko mnipe masikio, maana nawasimulia vita vilivyopiganwa jikoni kwetu asubuhi moja, na atakayecheka kabla sijamaliza atanitambua.

Paliondokea binti mmoja, mpwa wangu, mwanafunzi wa uhandisi, Simba-jike wa Maabara. Bibi yake, mama yangu mzazi, mikono ilimtetemeka kwa uzee, na vikombe vya kauri vikaangamia sakafuni kimoja baada ya kingine, hata dada yangu akamkabidhi kikombe cha plastiki chenye picha ya bata. Siku hiyo mama hakugusa chai.

“Nimewalea nyote,” alisema, “leo nanyweshwa na bata.”

Jamani, iliniuma.

Ndipo binti akasimama kati ya jokofu na sinki, akaapa: “Bibi, kwa mradi wangu wa mwaka wa mwisho nitakufinyangia kikombe ambacho ukikiangusha, sakafu ndiyo itakayoomba radhi!”

Akatwaa unga wa zirkonia, ule ule unaotengenezewa meno ya bandia, akaufinyanga, akautia katika tanuri lenye joto la kuyeyusha shaba. Na kwa kuwa unga huo hunywea motoni, kikombe alikifinyanga kikubwa kupita kiasi, kwa hesabu. Kishikio, ole wake, alikipima sawasawa na kidole cha bibi, akasahau kukiongezea cha kunywea.

Kikatoka cheupe, kizito, kikaitwa Sivunjiki. Mama akapenyeza kidole, kikaingia kwa shida. Kutoka, kikagoma.

“Nimenasa,” alisema.

“Kivunjwe!” akanguruma dada yangu.

Nikatwaa nyundo, nikagonga ukingo taratibu, nikimhurumia mama. Nikagonga kwa nguvu. Mpini wa nyundo ukakatika. Binti alikuwa amesimama pale machozi yakimlengalenga, maana maksi zake zilikuwa katika kikombe kile, na kidole cha bibi yake kadhalika.

“Mjomba, hakivunjiki,” alisema. “Ndiyo kazi yake.”

“Naona,” nikamjibu.

“Sabuni! Mafuta! Kimbieni!” dada akaamuru majeshi, yaani mimi.

Mama akainua mkono uliokuwa huru. “Nyie! Makelele ya nini? Chai imeiva, haijaiva?”

“Imeiva, mama.”

“Basi nimiminieni. Mkinitoa sasa, nitakiangusha.”

Tukammiminia. Mkono ukatetemeka, chai ikaruka mezani, lakini kikombe hakikuwa na pa kwenda. Akanywa bila haraka mpaka akaona kitako cha kikombe, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa muda mrefu, na dada yangu akageuka kufuta jiko lililokuwa safi.

Ndipo mama akaninyooshea kidole nikipake sabuni. Kilipochomoka, alimtazama mjukuu wake.

“Ukitengeneza kingine, mwanangu, kishikio kisiongezwe hata chembe.”

Hivyo ndivyo ulivyokoma utawala wa bata. Yuko bafuni hadi leo, anashika miswaki.