Suruali Arobaini na Fanksheni Moja Safi

Jumatatu, 3 Juni
Bosi katangaza: chumba cha mashine ya kukatia vitambaa kitapata mkuu wake. Chumba kina dirisha! Mimi nakaa mlangoni pa choo, nikitazamana na mafagio. Karakana nzima ni mimi pekee ninayeandika lugha ya kompyuta iitwayo C, wengine wanashona. Nafasi ni yangu.

Kizuizi ni kimoja. Bi Futikamba, mkataji, miaka ishirini kazini, futi haimtoki shingoni. Ndiye anayeandikia mashine fomula: kiuno gawa kwa nne, jumlisha mbili. Kila mtu anazielewa. Huo ndio udhaifu wake.

Jumanne, 4 Juni
Mpango tayari. Programu ya mashine ina maktaba ndogo inayosoma fomula na kutoa jibu. (Maktaba ya msimbo, si ya vitabu. Nimemweleza Dada mara tatu mezani.) Maktaba inamruhusu mtu kuongeza fanksheni zake, yaani vijisehemu vya programu vinavyopokea vipimo na kurudisha jibu: unaiandika kwa C, unaisajili kwa jina, unasema inapokea vipimo vingapi, basi fomula inaweza kuiita. Nitaandika zisizoeleweka na mtu mwingine. Watanihitaji hadi nizeeke.

Ya kwanza nimeiita zk7. Ikagoma. Kosa! Nikaikodolea macho skrini hadi saa saba. Bi Futikamba akapita na mkasi wake, akauliza mbona nimesajili vipimo viwili, na kwenye fomula naipa kimoja. Nikamwambia hayo ni mambo ya ndani sana. Alipoondoka nikaongeza cha pili. Ikakubali.

Jumatano, 5 Juni
Nimesahau zk7 inafanya nini. Nimeifuta.

Oda kubwa: suruali arobaini za bendi ya tarumbeta, gwaride ni Jumamosi. Nimeandika fanksheni mpya, kiuno(). Mabano matupu! Haipokei kitu. Inakwenda yenyewe kwenye orodha ya wanabendi na kuchukua kipimo cha anayefuata. Nilijipongeza kwa chai ya pili.

Wakati wa kusajili kuna alama unayoweza kuweka: "safi". Mwongozo unaieleza kwa kurasa mbili. Sikuona haja. Yangu ni safi, nimeiandika mwenyewe. Nikaweka.

Dada, aliye kwenye cherehani ya tatu, akauliza kama nimeijaribu. Nimeijaribu. Wa kwanza kwenye orodha ni mpiga ngoma kubwa, kiuno sentimita mia thelathini na mbili. Jibu lilitoka mia thelathini na mbili. Ningejaribu nini tena?

Alhamisi, 6 Juni
Suruali arobaini zimekatwa kwa dakika hamsini! Bosi akanipiga begani. Nikaanza kupima dirisha kwa ajili ya pazia.

Bi Futikamba akainua kipande. Akainua cha pili, akavipandanisha. Akainua cha tatu. Akauliza kwa upole kama hii bendi yote ni mtu mmoja.

Zote ni za mpiga ngoma. Mpiga filimbi ana kiuno cha sabini.

Bosi akaagiza mwongozo. Bi Futikamba akavaa miwani akausoma kwa sauti, mbele ya watu. Fanksheni safi ni ile ambayo ukiipa vitu vilevile, jibu ni lilelile daima. Kwa hiyo kama haipokei kitu, maktaba huiita mara moja tu mwanzoni, huliweka lile jibu, haiulizi tena. Nikasema neno "safi" limechaguliwa vibaya. Hakuna aliyeniunga mkono.

Ijumaa, 7 Juni
Heri zilikuwa kubwa, kubwa hupunguzika. Bi Futikamba kachora zote upya kwa chaki, cherehani saba zikanguruma tangu alfajiri. Mimi nilishika pini. Mchana Dada akainua kichwa, akasema, "Mdogo wangu, leo usiguse chochote chenye swichi."

Ndiye aliyeniombea kazi hapa. Nikaona vidole vyake vilivyovimba. Nilijisikia vibaya sana, hadi saa kumi.

Chumba kapewa Bi Futikamba. Mimi nimeagizwa nimfundishe kusajili fanksheni.

Jumatatu, 10 Juni
Suruali ziliwakaa vizuri kwenye gwaride. Nimemdokezea Bosi kwamba ya mpiga ngoma haikuhitaji marekebisho yoyote.

Nimemfundisha Bi Futikamba nusu saa. Mwongozo alikuwa ameshausoma wote, kalamu mkononi. Akaandika fanksheni ya mikono ya makoti, inapokea vipimo vitatu. Akaijaribu kwa watu sita, mwembamba na mnene. Ikakubali kwa wote! Alipokwenda kunywa chai nikaandika jina langu juu kabisa ya faili. Mwalimu ni nani?

Saa nane Bosi akafungua faili, akaona jina, akafurahi kweli. Kesho saa tatu wanakuja wateja wa makoti, watu wakubwa. Anataka niwaeleze fanksheni hiyo, mstari kwa mstari. Bi Futikamba akanitazama juu ya miwani, akasema atakaa kiti cha mbele asikose neno.

Nimekubali papo hapo. Sijaisoma bado, lakini ni mistari kumi na miwili tu. Shati jeupe nimeshalipiga pasi.