Riwaya Yangu Imetekwa na Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Dhuluma! Ukuu wa stoo ya rangi amepewa yule kijana tunayemwita Kalamu Mbili, kwa zile anazochomeka mfukoni. Kalamu Mbili, ambaye ni mimi niliyemfundisha kutofautisha rangi ya mafuta na rangi ya maji! Meneja akanisihi nisivunjike moyo. Sikuvunjika moyo. Nilivunja kikombe. Kumbe kilikuwa chake.

Nikarudi nyumbani na wazo moja tu: kitabu changu. Riwaya ya dereva wa treni na binti muuza maua. Nilikisoma nilipofeli mtihani. Nilikisoma baba alipofariki. Nilikisoma nilipoachishwa kazi kiwanda cha sabuni. Kila mara nilifika ukurasa wa mwisho nikiwa mtu tena. Kwa kulinda heshima, nakificha ndani ya jalada la kitabu cha uhasibu.

Nikafungua kabati. Jalada lipo. Ndani hamna kitu!

Mke wangu akasema amempa mama yake, aliye kwetu chumba cha nyuma akisubiri kupasuliwa nyonga. Akaongeza kwamba hakujua uhasibu una mabusu mengi kiasi hicho.

Jumanne, 5 Machi

Nikaingia kwa mama mkwe kabla ya kwenda kazini. Nikamwamkia kwa adabu zote. Nikaulizia nyonga, nikaulizia usingizi, macho yakiwa kwenye kitabu changu kilicholala kifuani pake kama mtoto mchanga. Akaniambia huyu dereva ana maneno matamu kumshinda marehemu mzee wake, na marehemu hakuwa bubu.

Nikamweleza kwamba riwaya huchosha macho ya mgonjwa. Nikamtolea kitabu kingine, cha ufugaji wa nyuki: kinene, kina picha. Akashukuru sana. Akakiweka chini ya mguu unaouma. Akasema afadhali, sasa umepata kuinuka.

Kwa hiyo nimepoteza vitabu viwili.

Jumatano, 6 Machi

Kalamu Mbili kahamia kwenye kiti cha kuzunguka. Anazunguka! Akaniagiza nipange upya makopo yote ya rangi ya bluu, eti yamekaa kihuni.

Jioni nikaja na mbinu safi. Mtu akishajua mwisho wa hadithi, hamu inamtoka. Nikamdokezea mama mkwe, kwa huzuni, kwamba muuza maua atakufa. Uongo mtupu, lakini hali ilikuwa mbaya.

Akalia. Mke wangu akaja mbio, akaniuliza nimemfanya nini mama yake. Mama mkwe akajifuta machozi akatangaza uamuzi wake: kuanzia sasa atasoma ukurasa mmoja asubuhi na mmoja jioni, ili amwongezee binti wa watu siku za kuishi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeficha miwani yake. Ndiyo. Nimeitumbukiza ndani ya kiatu changu cha harusi. Asiyeona hasomi, na asiyesoma hana haja ya kitabu.

Nyumba ikapekuliwa juu chini. Nami nikapekua, tena kwa bidii kuliko wote. Kisha mke wangu akatoa hukumu: mama hawezi kukaa hivi hivi, kwa hiyo nitamsomea mimi. Kwa sauti. Tangu mwanzo!

Jumapili, 10 Machi

Uonevu wa mchana kweupe. Nilitaka kusoma peke yangu kwa amani, leo nimesoma mbele ya kadamnasi. Yule mama fundi cherehani wa jirani alikuja kuazima chumvi akaketi. Tena anakatiza! Anataka kujua nani anaendesha treni wakati dereva anakimbizana na wasichana. Anasema gauni la muuza maua limeshonwa vibaya. Gauni la kwenye kitabu!

Nikafika pale stesheni, pale binti anapoikimbilia treni akiwa na kiatu kimoja. Sauti ikanikwama. Nikasingizia mafua. Fundi cherehani akanitazama, akaaga, akasahau chumvi.

Tukabaki wawili.

“Soma tena hapo, mwanangu,” akasema mama mkwe.

“Hapo wapi, mama?”

“Hapo kwenye mafua.”

Nikasoma tena. Nilipomaliza, akasema taratibu kwamba anaogopa kupasuliwa. Hajamwambia binti yake. Anaogopa kulazwa usingizi asiamke, ndiyo maana hataki kukiachia kitabu; akiwa ndani yake haioni hospitali. Akaniuliza kama kweli yule muuza maua anafariki.

Ningesema nini? Nikamwambia hapana, anaishi, nilimchanganya na malkia wa kwenye kitabu cha nyuki.

Jumatatu, 11 Machi

Mke wangu ametoa viatu vyangu vya harusi avipige rangi kwa ajili ya kwenda hospitali. Nimeikuta miwani kando ya sahani yangu, imefutwa vizuri. Ningetukanwa ningejitetea! Nimeosha vyombo vyote bila kuagizwa.

Jumanne, 12 Machi

Leo kapasuliwa. Nilimsomea wodini mpaka machela ikaja. Muuguzi akasema muda umefika. Mama mkwe akamjibu kwamba sura haijaisha. Muuguzi akatazama mlango, akaniambia nimalizie, ila nisiruke maneno. Tukamaliza. Mama mkwe akanikabidhi kitabu kwa mkono wake, akasukumwa ndani.

Nikakaa kwenye benchi na mke wangu. Hatimaye! Kitabu ninacho, shida ninayo, hakuna wa kunisumbua. Nikafungua ukurasa ninaoujua kwa moyo. Herufi zikagoma. Hata mstari mmoja sikuweza kuusoma! Nilikasirika mno. Nilikuwa nikitazama ule mlango.

Daktari akatoka, akasema nyonga imekaa, mgonjwa ameamka na anauliza treni imefika wapi. Mke wangu akaniegemea begani. Nilikuwa na mafua tena.

Jumamosi, 16 Machi

Ameruhusiwa! Na mara tu alivyoruhusiwa, wamempeleka kwa binti yake mkubwa akaugulie huko, kwa kuwa nyumba ile haina ngazi. Kitabu, nilichomrudishia wodini aendelee kusoma, kimekwenda naye. Kwenye mkoba wake! Hakuna aliyeniuliza.

Mke wangu anasema nimwombe tu mama, atanipa bila kinyongo. Nimwombe? Nikiwa na akili zangu?

Nimempigia mama mkwe simu. Nimemwambia kuna sehemu ya pili ya riwaya hiyo, adimu sana, tamu kuliko ya kwanza, na ninayo. Nimempa masharti: anirudishie ya kwanza, nimletee ya pili. Amekubali kwa shangwe. Anaitaka Jumamosi ijayo, na fundi cherehani ameomba apelekwe asikilize.

Sehemu ya pili haipo. Lakini ugumu uko wapi? Kuandika ni kuandika tu. Nimenunua karatasi, nimefunga mlango, na sentensi ya kwanza iko tayari: “Treni iliondoka.”

Sasa sijui inakwenda wapi.