Ombi la Kumfutia Mbuzi Wangu Jina Kabla ya Jumamosi

Bunia, kartiye Rwambuzi, Jumatatu asubuhi

Kwa Mchungaji Moïse, wa kanisa letu la hapa Rwambuzi.

Nakala, kwa taarifa tu: Mama Françoise, mke wako na mwalimu wa shule ya Jumapili, pia Bwana Jean-Claude, shefu wa avenue yetu, kwa sababu jambo hili limemgusa yeye pia.

Kuhusu: kufutwa kwa jina la mbuzi mmoja, jike, mweupe, mwenye doa jeusi sikioni.

Mpendwa Mchungaji,

Bwana asifiwe. Mimi ni Liévin, muuza chumvi na sabuni, yule wa benchi la tatu upande wa dirisha, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hajakusumbua hata mara moja, isipokuwa ile siku ya mikrofoni. Sikuandikii kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo jana. Leo nimebaki na hoja tu.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi hii wakwe wa kijana wetu Destin wanatoka Ngezi kuja kwetu kwa mara ya kwanza, watu kumi na wawili, na weye mwenyewe umekubali kuja kuombea chakula. Kwa ajili yao nilinunua mbuzi kule sokoni Gety. Alikuja mpaka hapa juu ya pikipiki, amefungwa nyuma ya dereva, anatazama barabara kama abiria mwingine yeyote. Sasa mbuzi huyo hachinjiki. Hachinjiki kwa sababu ana jina, na jina amelipata kutokana na mafundisho ya kanisa lako. Naleta malalamiko yangu kwa namba, ili tusipoteane njiani.

1. Wiki tatu zilizopita Mama Françoise aliwafundisha watoto kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, pale Mungu anapomletea Adamu wanyama wote aone atawaitaje. Aliwaambia kwamba Mungu angeweza kuwaita mwenyewe, maneno anayo, lakini alinyamaza ili asikie mwanadamu atasema nini. Akaongeza kwamba hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo mwanadamu aliifanya duniani kwa kinywa chake, na kwamba kila mutoto ni Adamu mudogo. Mchungaji, maneno kama hayo huwezi kuyaacha mbele ya watoto halafu ukaenda zako kula.

Unamjua Alliance, mutoto wa marehemu mdogo wake mke wangu Micheline. Alitufikia kutoka Djugu, kwenye vita, mwezi wa saba mwaka jana, mgongoni mwa jirani, akiwa na miaka sita, na tangu siku ile hakutoa neno hata moja. Daktari alitazama masikio, akatazama ulimi, akasema vyote vipo na ni vizima. Miezi minane nyumba yetu ilikuwa tulivu, na mimi ni mtu wa kupenda utulivu, kelele napata za kutosha sokoni. Basi Jumapili ile alirudi kutoka kanisani, akavua viatu, akapita moja kwa moja nyuma ya jiko, akasimama mbele ya mbuzi wangu, akasema: Françoise.

Wazee walisema kimya kingi kina mshindo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mshindo wa kilio. Sikujiandaa kwa mbuzi kuitwa jina la mke wa mchungaji.

2. Unajua siye watu wa hapa tulivyo kwa mambo ya majina. Ukimpa mutoto jina la mtu, mtu huyo amekuwa ndoyi wake, na ndoyi haji mikono mitupu. Mama Françoise aliposikia habari alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti chetu, nami nikafikiri mambo yameishia kwenye kicheko. Kesho yake alirudi na maganda ya ndizi, na kipande cha kitenge cha sare ya wamama wa kanisa, akamfunga mbuzi shingoni. Sasa anapita kila Jumatano kumwona ndoyi wake. Wananong'ona pale, siwezi kukuambia wanasema nini.

Nauliza bila kukosa adabu: Jumamosi utaombea sufuria gani? Utafumba macho na kumshukuru Mungu kwa ajili ya nani? Na jioni ukirudi nyumbani unanukia mchuzi, utamwambia nini mama?

3. Ugonjwa umeenea katika parsele, ua wetu mzima. Jogoo ameitwa Jean-Claude, kwa sababu, kama mutoto alivyoeleza, yeye njo mwenye kuamsha watu kwa salongo. Shefu wetu kweli kila Jumamosi anapita anagonga milango tutoke kufagia barabara, lakini si jambo la kumwambia mtu mzima. Alikuja kwangu na uso wa kazi. Akamkuta jogoo amesimama juu ya kuni, kifua mbele, anawapigia kelele kuku ambao hawana habari naye. Shefu akamtazama muda mrefu, akasema, eh, kweli. Siku ya pili alileta mahindi.

Bata naye, aliyelalia mayai sita chini ya karai bovu, ameitwa Micheline, jina la mke wangu. Tangu hapo bata anaonja fufu kabla yangu, na nikilalamika naambiwa na mwenye jina kwamba yule bata ana mimba ya kulalia, mimi nina nini.

4. Sasa tuingie katika Maandiko yenyewe, maana nimesoma, na nimesoma pole pole. Sura ya kwanza inasema ndege waliumbwa siku ya tano, wanyama wa kufugwa siku ya sita, na mtu siku hiyo hiyo ya sita, lakini baadaye. Kwa hesabu hiyo jogoo na bata ni wakubwa wetu kwa siku nzima, na mbuzi ni mkubwa wetu kwa masaa kadhaa. Alliance hesabu hiyo ameifanya yeye mwenyewe. Ndiyo maana anamwita mbuzi Yaya Françoise, kama dada yake mkubwa, na ndiyo maana mkubwa anakula kwanza.

Nikatafuta msaada katika sura ya pili, na nikaupata, kwa sababu pale mtu anaumbwa kwanza, wanyama wanafuata. Nikampelekea mutoto sura ya pili, nikamsomea kwa sauti, kidole kwenye mstari. Alinisikiliza mpaka mwisho, vizuri sana. Halafu akaenda kumpa mbuzi majani. Mchungaji, sura zote mbili ni zako. Nataka kujua ni ipi inayotawala katika parsele yangu.

5. Hili ndilo kosa kubwa la mafundisho, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Adamu aliwapa wanyama majina, sawa. Lakini Adamu alikula nini? Soma sura ya kwanza, mstari wa ishirini na tisa: majani yenye mbegu na matunda ya miti. Nyama hakupewa. Ruhusa ya nyama imekuja sura ya tisa, mstari wa tatu, baada ya gharika, kwa Nuhu, na Nuhu alikuwa amekaa na wanyama ndani ya sanduku moja muda mrefu mno, hakuwa tena na haja ya kuwaita majina. Kumbe Mungu alipanga mambo kwa utaratibu: wakati wa majina hakuna nyama, wakati wa nyama hakuna majina. Ninyi mmechukua desturi ya mtu wa matunda mkaileta Bunia, kwa watu wa brosheti za nyama. Maji mmeyamwaga ninyi, na yaliyomwagika hayazoleki, lakini mimi ndiye niliyelowa.

6. Weye mwenyewe ulihubiri mwaka jana kwamba mwanadamu aliumbwa atawale samaki, ndege, na kila kitambaacho. Nilipenda hubiri lile, nikalikumbuka wiki nzima. Sasa hivi natoka saa kumi na mbili asubuhi na panga, kabla ya kwenda sokoni, nakata majani kandokando ya barabara, na si majani yoyote, yale laini, kwa sababu yale mengine Françoise anayageuzia uso. Nayabeba kichwani. Yeye amesimama anangoja na kitenge chake shingoni. Mtu mgeni akipita pale, akaulizwa nani anamtawala nani, unafikiri atajibu nini?

7. Hili ni dogo, naliandika kwa sababu saba ni namba ya kumalizia. Katika parsele hii kila mtu amepata ndoyi. Mke wa mchungaji anaye, shefu wa avenue anaye, mke wangu anaye. Destin juzi amepewa mjusi wa ukutani. Mimi ninayekata majani sina hata panzi. Na kama ni kusema, mutoto anasema na mbuzi, anasema na bata, anasema na Mama Micheline mchana kutwa, lakini akinihitaji mimi ananivuta shati. Sisemi kwa wivu. Nataja tu ili orodha ikamilike.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa nikuambie cha jana, kwa sababu bila hicho barua hii ingekuwa mchezo.

Jana baada ya ibada nilichukua kisu nikakaa kwenye jiwe nikakinoa. Kunoa tu, Mchungaji, Jumamosi ilikuwa bado. Alliance akaniona. Hakulia, hakukimbia. Alikuwa katikati ya kumweleza mbuzi kitu fulani, akaacha palepale, akafunga kinywa, akakaa chini karibu naye mpaka chakula kikapoa. Jana yote hakusema neno. Leo asubuhi pia. Mama Micheline aliniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba nikimchinja huyu, mutoto atarudi kule alikokuwa, na hakuwa na maana ya Djugu. Nilikasirika, nikamwambia mbuzi ni mbuzi. Halafu sikuweza kumaliza kula.

Nasema wazi: naogopa. Nilidhani napenda nyumba yenye utulivu. Utulivu wa tangu jana siupendi hata kidogo.

Lakini wageni kumi na wawili wanakuja, na aibu ya kuwapa wakwe majani ni aibu ambayo Destin ataibeba mpaka uzee. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, kanisa litangaze kwamba jina lililotolewa na mtu wa chini ya miaka kumi halina nguvu kwa mnyama anayeliwa. Pili, kama hilo linahitaji kikao cha wazee wa kanisa, na najua vikao vyenu, basi Jumatano hii Mama Françoise awakusanye watoto kwa somo la haraka. Aruke nyoka. Aruke Kaini na Abeli, hasa hao. Aruke hata mvua yenyewe, siku zote arobaini. Afike moja kwa moja sura ya tisa, mstari wa tatu, aueleze kwa upole, na Alliance akae benchi la mbele. Tatu, kama yote hayo hayawezekani, uje weye mwenyewe Jumamosi mapema, ushike kisu kwa mkono wako, kwa sababu mimi wangu umekataa.

Nangoja jibu lako kwa unyenyekevu, kabla ya Ijumaa jioni. Wasalimie wazee wa kanisa, kwaya zote tatu, na mlinzi wa geti ambaye bado ana mwavuli wangu. Msalimie sana Mama Françoise, nina maana yule wa kwako. Wa kwangu nitamsalimia mwenyewe nikimpelekea majani.

Ni mimi kondoo wako, kama bado ni salama kutumia neno hilo,

Liévin, wa chumvi na sabuni

N.B. Leo ni Jumanne. Barua ilichelewa kwa kukosa bahasha, na sasa naomba uisome kutoka mwisho, au usiisome kabisa.

Asubuhi hii mayai ya Micheline yametotoka, yote sita. Mama Micheline alitunyamazisha na kutusimamisha kando ya karai, yeye, mimi na Destin. Alliance aliingia katikati yetu akachuchumaa, kinywa bado kimefungwa. Akaokota kifaranga kimoja, chenye mguu uliopinda kidogo, akakiweka kiganjani. Akakitazama. Akanitazama mimi. Tulikaa kimya, Mchungaji, tusikie atasema nini, na pale ndipo nilipoelewa lile somo la Mama Françoise ambalo nimelilalamikia kurasa tatu.

Akasema: huyu njo Liévin.

Mbuzi hafutwi jina. Jumamosi wakwe watakula sombe ya majani ya muhogo, maharagi na makayabo, na samaki wa makayabo alikuja sokoni akiwa amekaushwa na chumvi zamani, hakuna aliyepata nafasi ya kumwita chochote. Wakiuliza nyama iko wapi, nitawasomea sura ya kwanza, mstari wa ishirini na tisa, na weye utaitika Amina kwa nguvu. Kisu nimempa Mama Micheline akatie vitunguu.

Nabaki na ombi moja tu, na hili ni la haraka kuliko yote. Ndoyi wa bata analeta nini? Nyumbani kwako uzoefu upo, niulizie. Nimekwisha kumnunulia beseni la kuogelea, la bluu, lakini Alliance anasema ni dogo.