Posa ya Viktor na Kisukuma Changu

Jumatatu, 7 Julai
Nimekuwa mshenga. Nilijichagua mwenyewe, lakini hakuna aliyepinga kwa sauti. Viktor, mtoto wa marehemu kaka yangu, anataka kumuoa Rosemery, binti wa mzee Lushinge, Msukuma wa kijiji cha Kisawasawa. Shemeji Konsolata, mama yake Viktor, alipendekeza jirani yetu Melkiori. Melkiori! Mtu anayemaliza chai nzima bila kutoa neno. Nikamweleza shemeji kwamba hapa kwetu Katindiuka kote hakuna ulimi kama wangu. Nitaposa kwa Kisukuma. Nimekiokota mnadani, kwa wauza ng'ombe.

Jumatano, 9 Julai
Mazoezi. Nimehutubia ng'ombe wa jirani. Hawakunisahihisha.

Jumamosi, 12 Julai
Kisawasawa. Mzee Lushinge alitukaribisha kwa Kiswahili safi, akaanza kutueleza habari za msiba wao. Sikumngoja amalize. Nikasimama, nikamwaga Kisukuma. Kimya. Nikajua nimewagusa. Kumbe badala ya kumposa Rosemery nimemposa bibi yake, aliyeketi pale mlangoni.

"Mume wangu nimemzika Pasaka hii," bibi alisema taratibu. "Huyu anataka nini kwangu?"

Mzee akafunga kikao. Viktor hakuongea njia nzima. Nadhani alikuwa bado anatafakari hotuba.

Jumatatu, 14 Julai
Viktor hali chakula. Shemeji amemtuma Melkiori, mimi nimeombwa nibaki nyumbani. Nimekubali. Jirani naye apate nafasi ya kujifunza.

Jumanne, 15 Julai
Posa imepokelewa! Viktor anasimulia kwamba Melkiori alitoa shikamoo, akampa bibi pole, akamuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Kisha akanyamaza. Bibi akaongea mpaka jioni, akalia, akacheka. Posa ilitajwa mwishoni kabisa, na aliyeitaja ni bibi mwenyewe. Ni wazi mimi ndiye niliyelainisha udongo.

Tena bibi amenialika harusini, nikae naye meza ya mbele, ila nisiongee. Heshima kubwa. Nikaona hilo la kutoongea ni kosa la tafsiri ya Melkiori, aliyeleta ujumbe, nikamuuliza Kisukuma amekijulia wapi. Akajibu kwamba bibi alisema kwa Kiswahili.

Maskini bibi, Kiswahili kinampiga chenga. Nimeanza kumwandalia hotuba ya kumwelekeza. Ndefu kidogo.