Mpaka Ataje Bei

Jumatatu, 3 Juni

Vita imeanza rasmi. Mimi, Alvin Sulak, mwuza pikapu kama baba yangu, sitakubali kuzikwa mzima hapa Temple, Texas. Wale wa magari ya umeme wamefungua chumba chao cha maonyesho kwenye jengo la maduka, kati ya duka la viatu na duka la mishumaa. Watu wanamiminika huko. Kwangu wanakuja nzi tu.

Darlene ni mke wangu na pia mhasibu wangu, kwa bahati mbaya. Amesema Juni ikiisha sijauza pikapu sita, nusu ya yadi yetu ya magari anampangisha mwuza vibanda vya bustani. Vibanda! Mahali baba alipopanga pikapu! Nikamwambia atulie, sheria iko upande wetu. Katika jimbo hili kiwanda hakiruhusiwi kumwuzia mnunuzi gari moja kwa moja. Lazima lipitie kwa wauzaji kama sisi. Hao wa umeme hawana wauzaji, kwa hiyo ruhusa yao ni kuonyesha tu. Mtu akae ndani ya gari, apapase usukani, basi. Akilitaka, akaagize mwenyewe kwenye mtandao. Mfanyakazi wao akitaja bei, kwisha habari yao.

Mpango: nimfanye ataje bei. Nimnase, nimshtaki, wafungiwe. Rahisi kabisa.

Jumanne, 4 Juni

Nimeenda nimejibadilisha. Miwani myeusi, kofia ya kuvulia samaki. Mfanyakazi ni binti mmoja, Marisela Cantú, mpole sana. Nikauliza gari bei gani. Akasema samahani mzee wangu, sheria hainiruhusu, ila rangi zipo tano. Nikasema haya, tuchukulie mtu ana dola elfu arobaini mfukoni. Akasema mtu huyo awe mwangalifu na mfuko wake. Nikamwomba basi anionyeshe kwa vidole. Akaficha mikono nyuma ya mgongo!

Nimerudi nyumbani na puto tu, zawadi wanayompa kila mgeni. Kesho natumia huruma.

Jumatano, 5 Juni

Kola ya shingo ya Darlene, ile aliyopewa hospitali. Mkongojo. Kutetemeka. Nikasema mimi kikongwe, mtandao siujui, macho yamekwisha, aninong'oneze bei kabla sijafa. Akaniletea kiti. Akaniletea maji. Halafu akasema, taratibu kabisa, pole sana Bwana Sulak.

Nikamwuliza amenijuaje. Akasema kila asubuhi anapita chini ya bango langu kwenye barabara kuu, na pale uso wangu ni mkubwa kuliko basi la shule. Nilisahau bango! Na nani alikuwa mlangoni, ametoka kununua viatu? Wendell Oakes, mwenye yadi iliyo mkabala na yangu. Akataka kujua shingo imepatwa na nini, au ndiyo kuchungulia wateja wasiokuja. Mshenzi yule. Nilitamani kumpiga mkongojo.

Alhamisi, 6 Juni

Furaha! Ernest na Lillie Kubena, tunaosali nao, wamekuja yadini kutafuta pikapu. Wameipenda ile ya bluu. Ernest akauliza bei. Nikacheka. Bei haitajwi hivihivi! Nikafanya alivyonifundisha baba. Kwanza nikauliza kwa mwezi wanaweza kulipa kiasi gani. Kisha nikaenda ofisi ya nyuma kushauriana na meneja. Meneja hayupo, hajawahi kuwepo. Nikala kolache, andazi letu la matunda, nikarudi na uso wa msiba, nikasema nimewapigania kufa na kupona. Nikarudia hivyo mpaka sahani ikaisha.

Mwishowe Lillie akasema, wewe Alvin, huyo meneja wako mbona akila andazi sukari inabaki kwenye masharubu yako? Wakaondoka, eti wakaliombee jambo hili. Nadhani ile ada ya kung'arisha matairi niliyoongeza kwenye hesabu ndiyo iliyowashtua. Ningeiita jina lingine.

Jumamosi, 8 Juni

Leo ndiyo leo. Kinasa sauti kwenye mfuko wa shati. Mbinu ya hali ya juu: bei ya kweli nimeisoma mtandaoni, mimi nitaje ya uongo, binti Cantú ashindwe kuvumilia, anisahihishe. Nikasimama katikati ya chumba nikapaza sauti: gari hili ni dola laki moja! Binti akauma midomo. Akawa mwekundu.

Ila mzee mmoja nyuma yangu akasema duh, ghali mno, akageuka kwenda zake.

Sasa hapo sijui kilichonipata. Siwezi kuona mteja anaondoka. Ni ugonjwa. Nikamkimbilia, nikamshika bega, nikamwambia hapana bwana, nilikuwa natania, bei ni elfu thelathini na tisa tu, hakuna nyongeza, unalichaji nyumbani usiku huku umelala, njoo uone buti lilivyo kubwa. Nikafungua buti. Nikafungua milango yote. Watu wakajaa. Nilikuwa motomoto, sijawahi kuuza vile maishani! Binti Cantú amekodoa macho tu.

Yule mzee akavua kofia. Ernest Kubena! Na Lillie yuko ubavuni pake. Wameagiza palepale, kwenye simu, wamesimama. Na watu wengine wawili pia.

Jumapili, 9 Juni

Yadi zimefungwa. Kanisani Lillie amenikumbatia mbele ya watu wote. Ametangaza kwamba anamfahamu Alvin Sulak miaka yote hii na jana ndiyo mara ya kwanza kumsikia akitaja bei. Watu wamecheka. Darlene hakucheka. Mimi niliumia, nasema kweli.

Lakini kinasa sauti kipo! Sina haja ya kukisikiliza. Kesho napeleka malalamiko kwenye ofisi ya leseni.

Ijumaa, 21 Juni

Jibu limekuja. Wamesikiliza kwa makini. Sauti iliyotaja bei ni moja, nayo ni ya mwanamume. Kwa kuwa nimejitambulisha mwenyewe mwanzoni mwa rekodi, hawakuhitaji kumtafuta. Leseni yangu ni ya kuuza yadini kwangu, si kwenye jengo la maduka. Onyo kali. Wendell amepita na gari, amepiga honi mara tatu.

Pikapu nilizouza mwezi huu: moja. Kwa shemeji yangu.

Jumatatu, 24 Juni

Darlene hakungoja mwezi uishe. Vibanda vinashushwa tangu asubuhi. Kimoja kina dirisha zuri, siwezi kukataa.

Sijakata tamaa hata chembe. Nimekaa, nimewaza, nimegundua nilipokosea. Lillie mwenyewe amenifungua macho: watu wanapenda kuambiwa bei waziwazi. Wanapenda mno! Na mimi Jumamosi ile niliwapa bure! Kuanzia leo kila pikapu ina karatasi mpya kwenye kioo: ada ya uwazi, dola mia nane tisini na tano. Kuhusu bei yenyewe, mteja akae kidogo, niende nikaongee na meneja.