Walinzi Waliopita Kambani

Kijiwe cha Jabiri pale Tandale kilikuwa gogo la mnazi tu, limelazwa kwenye kinjia, na mbele yake birika la kahawa juu ya mkaa. Upande huu wa kinjia palikuwa na michungwa ya Mwishehe, Mzaramo wa kuzaliwa hapo hapo. Upande wa pili palikuwa na michungwa ya Albano, Mmakonde mchonga vinyago aliyetoka kusini, ambaye kijiweni walimwita Tindo. Katikati walikaa wanaume wenye kiu ya kahawa na wingi wa maneno. Mwaka ule serikali ilitangaza kilimo cha kufa na kupona, basi hata mtu mwenye mpapai mmoja mlangoni alikuwa akijiita mkulima na kutaka apishwe njia.

Jioni hiyo habari aliileta Didas, kibarua wa sokoni. Jina lake la kijiweni lilikuwa Redio Mbao, kwa kuwa habari zilimfikia kabla hazijatokea.

"Shikamoo, Mzee Mwishehe! Jabiri, tia kahawa. Mmesikia?"

"Tusikie nini, na we ndo kwanza unafika?" Jabiri alimjibu huku akisuuza kikombe.

"Tawi la chama limetangaza kwa kipaza sauti. Jumamosi pampu inapita nyumba kwa nyumba. Kila mti wa matunda unapigwa dawa ya wadudu, utake usitake. Na mwenye kuibeba pampu ni Balozi Nikodemu mwenyewe!"

"Nikodemu yupi?" Jabiri akauliza. "Huyu balozi wetu wa nyumba kumi? Huyu anayetuma mtoto amletee kijiko?"

"Huyo huyo. Kashonesha na kaunda suti mpya kwa shughuli hiyo. Inameta, ukiitazama jua linakuumiza macho."

"Na yale tuliyokubaliana mkutanoni?" Mwishehe aliuliza polepole.

"Yapo palepale, mzee. Mti wenye walinzi wake hauguswi. Balozi atakagua, akiwaona walinzi anapita zake. Asipowaona, anamwaga."

Mwishehe akapangusa ndevu kwa raha. Walinzi hao walikuwa ni maji moto, chungu wekundu wenye kushona majani ya mti mabichi wakajitengenezea viota, nao wanauma mpaka mtu anataja jina la bibi yake. Mwishehe aliwafuga kwenye michungwa kama babu zake walivyowafuga kwenye minazi. Kunguni wa miti hakuthubutu kufyonza chungwa changa hapo, na kiwavi aliyepanda hakushuka. Mkutanoni alisimama akasema mti wake hauhitaji sumu, na tawi likakubali, maana Mwishehe alikuwa na kadi ya chama tangu kadi zilipoanza. Halafu Albano naye akasimama, bila kuulizwa na mtu, akatangaza kwamba na yeye anao walinzi, tena wengi kuliko wa mzee.

Sasa Albano alikuwa ameinamia kikombe chake. Michungwa yake haikuwa na mlinzi hata mmoja. Wamekufa wote, na aliyewaua ni yeye.

"Tindo, mbona umenuna?" Didas alimchokoza. "Wewe na mzee ndo mmesalimika. Jumamosi mtakuwa mmekunja nne, mnatutazama sie makabwela tunanukishwa dawa."

"Nimekaa tu," Albano alisema.

Kabla hajaachwa apumue, mkewe akapita na ndoo ya maji kichwani. Eufrazia alisimama, akawaamkia wazee, akamtazama mumewe.

"Nimesikia habari ya pampu. Baba Yuliana, nakwambia mbele za watu ili usije ukasema hukuambiwa. Ile pampu ikiingia uani kwangu Jumamosi, mie Jumapili nasali kwetu Ndanda."

Akaenda zake wala hakumwaga tone. Pale kijiweni kila mtu alikumbuka kuku wa Eufrazia. Mwaka uliopita Albano alinyunyiza dawa ya kuazima, upepo ukaigeuza, na kuku wakadonoa wadudu waliolewa chini ya miti. Mitetea ilikwisha siku ile ile. Jogoo, aliyekuwa akiuamsha mtaa mzima, alikufa amesimama, macho wazi, kana kwamba anangoja kuitwa shahidi.

"Kufa na kupona," Didas akasema kwa huzuni ya uongo. "Machungwa yalipona, kuku wakafa."

"Didas, acha," Jabiri alimkanya, ingawa mabega yake yalikuwa yanacheka.

Albano akaweka kikombe chini. Aliona bora aibu ya leo kuliko nyumba tupu ya Jumapili.

"Mzee Mwishehe, nisaidie. Walinzi sina."

"Huna vipi? Si nilikupa kiota kizima baada ya wale kuku kufa? Nikakukatia tawi kwa mkono wangu, nikaumwa kwa ajili yako?"

"Ulinipa, mzee. Na kazi waliifanya. Machungwa yalining'inia mpaka matawi yakaomba msaada. Ila mie… nikataka waongezeke."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda Kawe kwa baiskeli. Kuna jamaa yangu ana miembe imejaa maji moto. Nikachukua viota nikavitia guniani, nikaja nikavifunga kwenye michungwa, pamoja na wale wako."

Mwishehe alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka Jabiri akadhani mzee anasinzia.

"Mti mmoja?" akauliza, macho bado kafumba.

"Mti mmoja, mzee. Nikasema umoja ni nguvu."

"Allahu Akbar! Albano, umewachanganya wa Kawe na wa Tandale kwenye mti mmoja?"

"Si wote maji moto? Si wote wekundu?"

"Na wewe na Jabiri si wote binadamu? Nikuhamishie kitandani kwake?"

"Usinitie mie humo," Jabiri aliruka. "Mie kitanda changu kidogo."

"Maji moto kila ukoo na miti yake, na kila ukoo una harufu yake," Mwishehe alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Mgeni akitia mguu, vita. Hawaachi mpaka amalizike mmoja."

"Hakumalizika mmoja, mzee. Wamemalizana. Asubuhi nilikuta chini kumetandikwa wekundu mtupu, vichwa huku na viuno kule. Nilikaa nikaona huruma, wallahi, na kunguni mmoja amekaa juu ya chungwa ananitazama."

"Ehe!" Didas akapiga paja. "Si ndo mambo ya operesheni vijiji hayo? Unawabeba watu usiku wa manane, unawapanga pamoja, halafu unawaambia…"

Jabiri akakohoa kwa nguvu. Akatazama kinjia upande huu, akatazama upande ule.

"Didas, kahawa inapoa. Inywe."

"Mie nasema chungu."

"Basi hao chungu wanywee kahawa."

Didas akanywa. Lakini mdomo wake haukuumbwa ukae kimya, ukarudi kwa njia nyingine.

"Dawa ni moja tu. Hawa chungu wa mzee wataifishwe. Mabenki yametaifishwa, majumba yametaifishwa, chungu ni nani? Haiwezekani mtu mmoja akae na jeshi lake binafsi, na jirani yake ananyonywa na kunguni mwenye mrija!"

"Taifisha," Mwishehe alimjibu, akanyoosha kidole kwenye mchungwa wake. "Kiota kile pale. Anza kwa mkono wa kulia."

Didas akaukalia mkono wake wa kulia.

"Halafu hao walinzi wenyewe mie siwaamini," alisema Jabiri, aliyekuwa na kinyongo nao tangu mmoja aingie kwenye kashata. "Nimewaona kwa macho yangu. Kuna vidudu vyeupe kama pamba vinafyonza majani, na walinzi wako wamekaa navyo, wanavipapasa, wanalamba utamu. Kunguni wanamuua, hivyo vyeupe wanavilea. Mlinzi gani anakula na mwizi?"

"Ile ni mifugo yao," Mwishehe akatetea. "Wanaikamua kidogo."

"Posho hiyo, mzee!" Didas akacheka. "Kumbe hata huko juu ya mti viongozi wameshaanza!"

Walicheka wote, isipokuwa Albano. Yeye alikuwa anafikiria furushi ambalo Eufrazia, akiamua, hachelewi kulifunga.

"Mzee," akaanza tena, "nipe kiota kimoja tu. Nitakibeba kama mtoto mchanga."

"Sikupi. Wale nilikuoza kama binti yangu, we ukamletea mke mwenza ndani ya gunia."

"Mzee, Eufrazia ataondoka."

"Eufrazia ana haki. Mie ningekuwa kuku wake ningeondoka mapema." Akazungusha kikombe tupu mkononi. Uso wake ukalegea, maana Mwishehe alimpenda Eufrazia, aliyemletea uji wakati alipougua. "Sikiliza. Kubeba, basi. Chungu wangu hawabebwi tena na mtu. Funga kamba kutoka mti wangu mpaka mti wako, ipite hapa juu. Wakipenda watavuka wenyewe, ukoo mmoja, harufu moja. Wasipopenda, mpe mkeo nauli."

"Ipite hapa juu wapi?" Jabiri aliinua kichwa. "Juu ya birika langu?"

"Na mteja akimeza mlinzi?" Didas akauliza.

"Atakuwa salama tumboni," alisema Mwishehe.

Kamba ndefu ya kutosha kule kwa Albano ilikuwa moja tu, ya katani, ile ya kuanikia nguo. Aliifungua jioni ile ile wakati Eufrazia yuko kisimani, akaifunga kutoka mchungwa hadi mchungwa. Ikapita juu ya gogo la kijiwe usawa wa kichwa cha mtu.

Tangu hapo soga zilikatwa kila baada ya sentensi mbili. Walikuwa wakitazama juu.

"Yule mmoja anakuja."

"Anarudi."

"Kaenda kutoa taarifa," Didas alisema. "Kule kwao nako kuna mikutano."

Ijumaa walikuwa wamefika katikati ya kamba, juu ya birika kabisa. Jabiri akaliwekea kawa. Albano alizungumza nao kama mtu anayembembeleza mtoto aanze kutembea, mpaka Mwishehe akamwambia aache kuwaaibisha.

Jumamosi asubuhi Balozi Nikodemu akatokea kwenye kinjia, kaunda suti inameta kweli, na nyuma yake vijana wawili wamebeba pampu. Eufrazia alikuwa amesimama mlangoni, furushi kichwani.

"Ndugu Albano, hujambo? Nimekuja kukagua."

"Karibu, balozi. Walinzi wapo."

"Tutaona." Balozi aliingia uani, akazunguka mchungwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliinua majani kwa ncha ya kidole. "Ndugu, hapa mie naona kunguni. Nionyeshe mlinzi hata mmoja."

Albano alikimbia kutoka mti hadi mti. Aliwaona kambani, wamejipanga wekundu mpaka karibu na tawi lake, lakini kamba si mti, na makubaliano ya mkutanoni yalisema mti. Wakati huo kwa Albano dunia yote ilikuwa na ukubwa wa lile furushi.

"Nitapiga dawa," Balozi alisema. Ili sumu isichafue suti yake mpya, akavua koti, akabaki na fulana yenye matundu. Akatafuta mahali pa kulitundika. Kamba ilikuwa hapo hapo, usawa wa kichwa, akalitupia bila kuitazama.

Kijiweni Didas alifungua mdomo. Mwishehe akamkanyaga mguu.

Vijana wakamfunga Balozi pampu mgongoni, mikanda ikakataa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Hapo Eufrazia akaanza kutembea kuelekea kinjiani.

"Balozi," Mwishehe aliita kwa adabu kubwa, "hukumu ya tawi inasomwa na mtu wa fulana?"

Balozi Nikodemu akasita. Alijitazama, akaona matundu, akaona na majirani waliokwishajaa. Hakika, amri ya chama haikustahili kutolewa hivyo. Akashusha pampu, akalichukua koti lake kambani, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Akavuta pumzi.

"Ndugu wananchi! Kwa mamlaka niliyopewa na tawi, nimekagua miti hii, na nimethibitisha kwamba walin—"

Jicho moja likaanza kucheza. Kisha mkono wa kulia ukaruka kwapani, wa kushoto ukaruka mgongoni, na Balozi akaanza ngoma ambayo Wazaramo hawaijui na Wamakonde hawajawahi kuicheza.

"Wamethibitika, balozi?" Mwishehe akauliza.

"Wapo! Uwiii! Wapo! Walinzi wapo! Nifungueni vifungo! Mama yangu, wapo wengi!"

Alishika kinjia mbio, koti nusu ndani nusu nje, na vijana wake wakamfuata na pampu ambayo haikumwaga hata tone.

"Balozi!" Mwishehe akampigia kelele. "Likung'ute huku huku hilo koti! Hao ni wa ukoo wangu, usiwapeleke kwa wageni!"

Albano alikaa chini pale pale alipokuwa, akacheka huku machozi yanamtoka. Eufrazia alimtazama kitambo. Akashusha furushi, akalifungua juu ya gogo la kijiwe, akakung'uta shuka la kwanza. Halafu akainua macho, akaitambua kamba.

"Baba Yuliana, hii si kamba yangu ya nguo?"

Albano akaacha kucheka. Didas akajidai anatafuta kitu chini ya gogo.

"Na mie nguo zangu nitaanika wapi?"

"Zako, mwanangu, anika kwangu, uani kuna nafasi," Mwishehe alimjibu, akipokea kikombe kwa Jabiri. "Hapa anika za Albano."