Mashine Yangu ya Kusoma Picha za Tumbo

Jumatatu, 9 Novemba 1998
Daktari ameondoka na treni ya wanajeshi. Kwenye zahanati yetu yenye jenereta ameacha ekografi, ile mashine inayopiga picha ya mtoto tumboni. Mama Denise, mkunga, anajua kuiwasha. Kusoma picha, hapana!
Na dada yangu mkubwa, yaya Élisa, amebakiza siku chache. Kichwa cha mtoto kikiwa chini, atazalia nyumbani. Kikiwa juu, lazima apite kizuizi cha askari hadi hospitali. Bibi anaogopa askari kuliko uchungu wa kuzaa.
Dawa ninayo mimi. Nimesoma kwamba ordinateri, yaani kompyuta, inaweza kufundishwa kuona. Ile ya ofisi ya kanisa haina umeme. Basi ordinateri nitakuwa mimi.

Jumanne, 10 Novemba
Nimejitolea kufagia chumba cha karatasi cha zahanati. Sikufagia. Nimeazima picha ishirini za zamani, na kunakili kutoka kwenye rejista jinsi kila mtoto alivyozaliwa. Kila picha nimeigawa miraba mia. Nyeusi sifuri, nyeupe tisa. Tarakimu elfu mbili!
Noémie, wa kwanza darasani (kwa bahati), ameuliza kama ninafuma kitambaa cha meza. Wivu.

Alhamisi, 12 Novemba
Ushindi! Mraba mmoja tu unatosha: ule wa pembeni, juu kulia. Ukiwa mweusi, kichwa kiko juu. Ukiwa mweupe, kiko chini. Ishirini juu ya ishirini!
Noémie amechungulia, akasema ule weusi ni wino wa bic, kalamu ya daktari: alitia X pembeni kila alipoona mtoto amegeuka. Nimemjibu kwamba ordinateri haibagui bic. Inaona tu.

Ijumaa, 13 Novemba
Mama Denise amempiga yaya picha, nami nimeisoma. Mraba mweupe kabisa! Nimetangaza: kichwa kiko chini, yaya abaki nyumbani. Bibi amenibariki.
Jioni mama Denise amekuja, akaweka viganja juu ya tumbo, akaniita. “Weye Lise, hiki kigumu chini ya mbavu njo nini? Muhogo?” Nimemweleza habari ya mraba. Hakusikiliza. Amempandisha yaya kwenye baiskeli, wamekwenda. Askari wamefungua kizuizi na kumwambia asukume polepole.
Nimemwonea huruma mama Denise. Kubishana na hesabu!

Jumapili, 15 Novemba
Mtoto amezaliwa. Miguu kwanza. Hakulia hata kidogo, mama Denise akampulizia, akamsugua, ndipo akalia. Amesema nyumbani tungemzika. Nimejificha nyuma ya jiko nikalia nami.
Kisha nikafikiri. Hesabu haikukosea hata kidogo. Daktari hakuwepo kutia X!
Nimechukua bic. Nimetia X kwenye picha ya yaya, juu kulia, vizuri, kwa rula. Nimehesabu upya. Mraba mweusi: kichwa juu!
Ishirini na moja juu ya ishirini na moja. Noémie hajawahi kuipata hiyo.